Punje ya Mtama ya Fundi Salu

Fundi Salu wa Ngulyati hakuamini chuma cha mtu. Na alikuwa na haki. Miaka ile biashara ilipofunguliwa, maduka ya Bariadi yalijaa vipuri vya plau vilivyong'aa kwa rangi, kumbe vingine vina nyufa ndani. Watu wakawa wanampelekea Salu chuma kabla ya kukipeleka shambani. Yeye anashika ncha moja, mteja anaweka kidole ncha ya pili, nyundo inagonga. Mshindo ukifika kidoleni na ukali wake, chuma kizima. Ukififia njiani, kina ufa.

Mvua za kwanza zikanyesha, akaja mama mkwe wake, Felisita, na ulimi wa plau alioupata kwa kuuza mbuzi. Ukimvunjikia shambani, mwaka huo halimi pamba. Salu akaganda. Kwetu mama mkwe hashikwi hata mkono. Sasa washike chuma kimoja, mshindo utoke kwake umwingie mkwewe? Heri afunge karakana!

Mama naye alisimama mbali, akaongea akitazama ukuta. Alikuwa hajapenda binti yake aolewe na mhunzi, na tangu harusi hakumpa Salu jina jingine ila "mumeo".

"Nyanjige, mwambie mumeo apime."

"Nitashika mimi, mayu," Nyanjige, mke wa Salu, akamjibu mamaye.

"Wewe? Kidole cha mke husikia anachotaka mume."

Mimi niliyekuwa nangojea jembe langu nilicheka mpaka nikakohoa. Salu hakucheka. Aliweka punje ya mtama kwenye ncha ya mbali, akasimamisha rula ya shule pembeni, akagonga. Punje ikatikisika tu. Akagonga ulimi wa plau yake mwenyewe: punje ikaruka ikapita rula. Hakukuwa na haja ya kumwambia mkwe neno. Nilifurahi kana kwamba nimebuni mimi.

Mama mkwe aliurudisha dukani kwa Muksini alikoununua, akabadilishiwa. Ule wa pili ukarusha punje vizuri, akalima.

Baada ya mavuno alikuja na debe la mtama kichwani, akalitua mlangoni, akampa Salu mgongo kama kawaida.

"Nyanjige, mwambie mwanangu huu si wa ugali. Ni wa kupimia."

Siku hiyo Salu aligonga vyuma visivyo na mteja, akirusha punje za mkwewe, mpaka jua likazama.