Kibuyu cha Shikanga

Shikanga mnamjua. Sisemi yule msaga unga wa posho mili. Nasema mkata miwa wa Navakholo, yule mrefu, anayetembea kama amebeba kitu kichwani hata akiwa mikono mitupu. Watu wakimtaja husimulia habari ya nyuki tu, wanacheka, halafu wanaondoka. Ninyi kaeni kidogo niwaambie yote.

Ilikuwa ile miaka ya miwa yenyewe. Watu waling'oa mahindi, wakang'oa migomba, miwa ikasogea mpaka ukutani mwa nyumba. Ukifungua dirisha, jani linaingia. Asubuhi trekta ilipita ikivuta tela, ikawaokota wakataji na kuwapeleka mashamba ya mbali, na kurudi ni jioni. Huko hakuna kisima. Maji ya mtaroni ni ya mbolea. Miwa imechomwa jana, udongo bado una joto, masizi yanaingia puani, na kila mtu anakunywa alichobeba kutoka kwake. Kwa hiyo chombo cha maji si pambo. Wengine walibeba chupa, wengine mitungi. Shikanga alibeba kibuyu.

Kibuyu hicho kilitunzwa na mkewe, Jelagat. Jelagat alitoka Unandi, na kwao kibuyu cha maziwa hutiwa moshi. Kijiti cha mti fulani kinachomwa mpaka kiwe kaa, kinaingizwa ndani, kinasagwa kwenye kuta za kibuyu hadi ziwe nyeusi, kisha unga wake unakung'utwa. Yeye alikifanyia hivyo kibuyu cha maji. Maji hayakuvunda, yalikaa baridi, ila yalikuwa na ladha ya jikoni.

"Shikanga, wewe ukikohoa unatoa moshi," Osundwa alimwambia. Huyu Osundwa ndiye aliyekuwa mdomo wa gengi lao la wakataji.

"Na wewe ukikohoa unatoa uongo," Shikanga alimjibu. Siku hizo alikuwa anajibu.

Jelagat alikufa wakati wa mvua ndefu. Tumbo lilimshika, akaenda hospitali kwa miguu yake, akarudi kwa sanduku. Shikanga alizika, akashukuru watu, akanyoa nywele, akarudi kazini. Majirani walingoja alie, hakulia. Dada yake Shikanga alimletea obusuma, ugali wa kwetu, akaila yote. Siku moja dada akaja mbio kusema samahani, ilikuwa haijaiva. Shikanga akamwambia hakujua.

Kibuyu kikabaki msumarini. Bila moshi kilianza kunuka ukungu, akaacha kukibeba. Akawa anaenda shambani hivi hivi, na hakusikia kiu. Midomo ilipasuka, hakuisikia. Siku moja akaanguka katikati ya miwa, panga bado mkononi.

Nyapara wao alikuwa Hezekiah, mtu wa kanisa, asiyepiga kelele bila sababu. Msimu uliopita jua lilikuwa limemuulia mtu mmoja katika gengi hilo hilo, na ni yeye aliyepeleka habari kwa mama wa marehemu. Alimmwagia Shikanga maji usoni, akangoja akae.

"Sikiza, ndugu yangu. Kesho ukija bila maji, hupandi tela. Ukirudia, natoa jina lako na sirudishi."

"Sawa," Shikanga akasema.

"Sawa gani? Unanisikia?"

"Nimesikia."

Sasa, mjue kwamba nje ya gengi hakuwa na pengine pa kwenda. Shamba lake lote lilikuwa miwa ya kiwanda. Na mchana nyumbani ulikuwa na yale meko yaliyozimika. Kazi ndiyo iliyokuwa ikimwinua kitandani. Akipoteza nafasi telani, sijui angeamkia nini. Hata yeye hakujua.

Jioni hiyo akaenda soko la Lubao, kwa Muhonja, mama anayeuza vyombo vilivyotumika. Muhonja akamtandazia. Chupa ya soda: kioo, na telani watu wanarusha mapanga. Chupa ya askari, ya bati, yenye mkanda wa begani: nzuri kwa macho, lakini saa nne maji yake unaweza kukorogea chai. Na mtungi mdogo wa plastiki, mweupe, wa kushika kwa mkono.

"Chukua ya askari, baba," Muhonja akasema. "Utaonekana mtu."

"Nipe huo mtungi."

"Huo ulikuwa na molasi, ile ya kuchanganyia ng'ombe nyasi. Usuuze na maji moto na majivu. Unanisikia, baba? Maji moto."

Alichagua mtungi kwa sababu ndio uliokuwa karibu na mkono wake. Nyumbani akausuuza na maji baridi, akamwaga, akajaza. Mtu wa miwa anajua molasi inavyonata. Isitoshe, mshikio wa mtungi ule ulikuwa mtupu ndani kama mfupa, na molasi ilikuwa imelala humo.

Siku ya kwanza ikapita salama. Alikunywa kwa sababu wengine walikunywa. Jioni hakumwaga yaliyobaki. Asubuhi akaongezea juu yake, hivyo hivyo siku zilizofuata, na jua likafanya kazi yake. Ijumaa mchana nyuki wakaja. Kwanza wachache, wakizunguka mfuniko, halafu kundi. Osundwa aliyekuwa mstari wa pili akatupa panga na kukimbia.

"Shikanga! Umebeba malkia wao?"

Hezekiah akaja na moshi wa majani makavu, akawafukuza, akafungua mtungi. Povu likapanda. Akanusa.

"Hii ni kangara."

Kangara ni molasi iliyochachuka, ile wanayopikia chang'aa, na mtu wa pombe mwenye panga hakai katika gengi la Hezekiah hata mpaka jioni.

"Si pombe," Shikanga akasema. "Ni maji. Mtungi ulikuwa wa molasi."

"Umeyanywa?"

"Tangu Jumanne."

"Na hukusikia?"

"Sikusikia kitu."

Osundwa alifungua mdomo, kisha akaufunga, na hilo ni jambo ambalo halijatokea tena. Nyapara akamwaga mtungi wote chini.

"Enda nyumbani. Jumatatu njoo na maji ya mtu. Nitayaonja mimi mwenyewe. Yakiwa hivi, tumemalizana."

Shikanga alitembea mpaka kwake. Akakitazama kibuyu pale msumarini. Jumapili akakifunga kwa shuka, akapanda basi la kwenda Unandi, kwa kina Jelagat. Tangu mazishi hakuwa amefika.

Alimkuta Kimutai, kaka ya marehemu, akifunga ndama.

"Shemeji. Tulidhani umetusahau."

"Nimeleta kibuyu. Sijui ule mti."

Kimutai akakishika, akakinusa, uso ukakunjamana. "Hii kazi ni ya wanawake. Ngoja nimwite mama."

Hapo pakawa na shida. Kwetu, mtu hakai uso kwa uso na mama mkwe wake. Mama mkwe anajua, Shikanga anajua. Basi mama akabaki jikoni, Shikanga akakaa nje, mgongo ukutani, na maneno yakapita kwenye ufa wa udongo.

"Kimutai, mkatie ule wa karibu na boma," sauti ikasema. "Uchome. Mpe yeye."

"Nitamfanyia, mama."

"Nimesema mpe yeye. Nani atamfanyia kesho?"

Shikanga akachukua kijiti chenye kaa, akakiingiza, akaanza kusaga. Moshi ukampanda usoni.

"Polepole," sauti ikasema. "Zungusha. Usikichome tumbo." Kisha ikauliza: "Yeye alikuwa anaweka masizi mengi au kidogo?"

Shikanga alifikiri. Miaka yote ile aliyokunywa, hakuwahi kuangalia.

"Sijui, mama."

"Mimi nilimfundisha aweke kidogo," sauti ikasema.

Jumatatu Hezekiah alisimama kando ya tela akinyoosha mkono. Akafungua kibuyu, akaonja, akatema masizi, akakirudisha.

"Panda."

"Ametuletea supu ya jivu!" Osundwa akapiga kelele kutoka juu. Shikanga hakumjibu. Alipanda, akakaa, kibuyu katikati ya magoti.

Katikati ya mchana, miwa ikiwa imelala nyuma yao, alisimama akakinywea. Akashusha kibuyu, akajifuta mdomo, akakitazama.

"Chungu," akasema.

Osundwa akageuka. "Nini?"

"Maji. Ni machungu. Nimeweka masizi mengi."

Akanywa tena, mafunda marefu, mpaka shingo ikalowa. Kisha akainama akashika muwa uliofuata.