Nywele Alizonyoa Murhula

Bernardine haamini mtu. Mchungaji akimwombea, yeye hufumbua jicho moja aone mikono ya mchungaji iko wapi. Ukimpelekea chakula, atangoja uonje wewe kwanza. Mimi Imaculata ni jirani yake hapa Anoka, Marekani, tumetoka Bukavu kule Kongo pamoja, tumelala kambi moja ya wakimbizi, na bado nikibisha hodi ananichungulia kwenye kitundu cha mlango. Simlaumu. Tulikotoka, mwanaume mwenye maswali akiingia nyumbani, kuna mtu atapotea.

Na sasa anayepotea ni mdogo wake, Murhula. Alihamia jimbo moja la kusini kufanya kazi kwenye machinjio ya kuku. Huku Minnesota hawaui mfungwa, kule wanaua. Bibi mmoja wa Kizungu, jirani yake, alikutwa amechomwa kisu jikoni. Bibi huyo ndiye aliyemfundisha Murhula kuendesha gari, na Murhula alikuwa akimwita mama. Polisi wakamkamata Murhula, akahukumiwa kifo. Bernardine hakwenda kwenye kesi, watoto angemwachia nani? Alipigiwa simu akaambiwa hukumu, basi. Tangu siku hiyo nikawa simwoni bila kitambaa kichwani, hata ndani ya nyumba yake.

Jumamosi moja akaja avoka, yaani wakili, kijana anaitwa Brandon, wa kundi linalofufua kesi za waliofungwa bila kosa. Bernardine akaniita nitafsiri, ingawa nadhani aliniita nimlinde. Alimvua kijana wa watu viatu, akavikagua ndani. Simu yake akaiona mezani, akaifunika kwa sufuria ya bugali. Mimi nilikuwa nacheka moyoni. Brandon akakaa tu, akanywa chai yake.

Kila alichouliza, Bernardine alijibu hajui. Murhula alikuwa mpole? Hajui. Alimpenda yule bibi? Hajui. Akaniambia kwa Kiswahili kwamba huyu ametumwa, na neno lolote atakalotoa hapa litafika mahakamani limevaa nguo nyingine. Hapo nikakasirika kweli. Nikamwambia aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, sawa, lakini ndugu yako anangojea sindano na wewe unabania maneno!

Brandon akainuka aende zake. Akiwa anavaa viatu akasema kuna jambo moja linalowashinda. Siku ya pili baada ya bibi kuuawa, Murhula alinyoa kichwa chote. Mwendesha mashtaka aliwaambia wale raia wanaoamua kesi kwamba alinyoa ili polisi wasipate unywele wa kulinganisha na uliookotwa pale jikoni. Avoka wake wa zamani alimwambia anyamaze, naye akanyamaza. Hilo ndilo lililommaliza.

Nikamtafsiria Bernardine, na nilipofika kwenye kunyoa nilikuwa nimeshaelewa. Yeye pia. Akapeleka mkono kichwani, akavua kitambaa. Kichwa kilikuwa kitupu, kimepitishwa wembe juzijuzi.

“Mwulize,” akaniambia, “hajawahi kuona mtu aliyefiwa?”

Nikamweleza Brandon. Kwetu mama akifa, watoto wananyoa. Hunyoi ili ujifiche, unanyoa ili kila mtu akuone. Muuaji gani atanyoa hadharani amlilie aliyemuua? Kijana alikaa chini tena na kiatu kimoja mkononi. Akasema hakuna aliyewahi kumwambia hivyo, na jaji amekubali kusikiliza ushahidi mpya, lakini anahitaji mtu wa ukoo aseme kwa kinywa chake. Kisha akamtazama Bernardine kichwani, akauliza kwa upole yeye amefiwa na nani.

Sikutaka kulitafsiri swali hilo. Nililitafsiri.

Bernardine hakulia tulipokimbia, wala kambini. Siku hiyo alilia mbele ya mgeni, na mimi nikalia naye.

“Murhula,” akasema. “Waliponipigia simu nilinyoa. Zikiota nanyoa tena. Wao hawajamuua, mimi nimeshamzika.”

Akajifuta uso kwa kile kitambaa, wala hakukifunga tena. Akaenda mezani, akainua sufuria, akaichukua simu na kumwekea Brandon mkononi.

“Mwambie arekodi,” akaniambia.