Bi Zuleha Aomba Alama Zipunguzwe

Shule ile ilishazoea wazazi wa kuomba alama ziongezwe. Hao huja na mfuko wa machungwa, huulizia afya ya walimu mmoja mmoja, na mwisho hulia kidogo. Bi Zuleha wa Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani, alikuwa wa kwanza kuja kuomba zipunguzwe. Alikuja mikono mitupu na hakulia. Machozi alikuwa ameyamaliza katika siku arobaini zilizotangulia.

Kazi yake ni kupinda kanga. Watu hununua doti dukani, humletea barazani azikate na kuzipinda kwa cherehani lake la miguu, na kwa kuwa kila kanga ina maneno yake, Bi Zuleha husoma mambo ya mtaa kabla hayajatokea. Mwanamke akileta kanga yenye maneno makali, yeye hujua tayari ni jirani gani hatasalimiwa kuanzia Ijumaa. Kwa hiyo alijihesabu kuwa mtu anayejua kusoma, na anayejua watu. Hilo la pili ndilo lililomwaibisha.

Mdogo wake, Sabiha, alifariki mwezi wa Rajabu, figo zikiwa zimemchosha mwaka mzima. Aliacha binti mmoja wa miaka tisa, Nasma, darasa la tatu. Baba wa mtoto, Kombo, yuko Pongwe na mke mwingine. Huja Ijumaa mojamoja, humshika mtoto kichwa, husema "mashaallah, amekua," kisha huondoka kabla mtoto hajakua tena.

Siku tatu kabla Sabiha hajakata roho, Nasma alileta fomu ya maendeleo kutoka shule. Wastani: themanini na moja. Daraja: A. Maoni ya mwalimu: "Anasoma kwa ufasaha. Aongeze bidii." Ufasaha ukishapatikana, bidii ya kuongeza ni ya nini, Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye. Lakini siku ile Bi Zuleha hakuuliza. Aliinama kwenye kitanda cha mdogo wake akamwambia, "Sabiha, tulia. Mwanao anasoma kama anakunywa maji. Wallahi." Sabiha akatabasamu. Bi Zuleha alilichukua tabasamu lile akaliweka moyoni kama hati: mdogo wangu kaondoka ameridhika.

Siku ya arobaini, baada ya hitima na pilau, alifungua sanduku la marehemu. Nguo zilikuwa zitolewe sadaka, na mtoto achague kanga moja ya kubaki nayo. Zilikuwa doti kumi na moja.

"Nisomee majina, mama, nizipange," alimwambia Nasma.

Nasma akasoma. Hasidi hana sababu. Nimeridhi alichonipa Mola. Akasoma kumi bila kukwama, haraka kuliko shangazi zake waliokaa mkekani, na Bi Zuleha akapangusa macho kwa ncha ya ushungi. Ya kumi na moja ilikuwa ya zambarau, mpya, haijakatwa wala kupindwa. Sabiha alimtuma jirani amnunulie mwezi wake wa mwisho, akaiweka chini kabisa ya sanduku. Nasma akapitisha kidole juu ya maneno.

"Hasidi hana sababu."

"Hiyo umeshaisoma."

"Basi ni ... Nimeridhi alichonipa Mola."

Kanga ile iliandikwa: SINA CHA KUKUACHIA ILA DUA.

Bi Zuleha aliiweka pembeni. Alichukua moja kati ya zile kumi, akaikunja mpaka maua yakajificha, yakabaki maneno peke yake. "Na hii?"

Mtoto akaangalia maneno kama mtu anayeangalia mlango uliofungwa. Kisha, kwa sauti ndogo: "Nikiona maua najua. Maneno peke yake sijui."

"Na vitabu vya shule?"

"Nikiona picha najua."

"Na mtihani?"

"Mwalimu anatusomea maswali. Halafu nachagua kama Ritha, tunakaa dawati moja."

"Na huyo Ritha anachagua kama nani?"

"Kama mwalimu alivyoandika ubaoni wiki iliyopita."

Kumbe nyumba nzima ilikuwa imemsikia mtoto akitaja kanga kwa majina tangu ana miaka minne, kila mtu akamsifu kwamba anasoma. Aliyemsifu zaidi alikuwa mpinda kanga. Naye alikuwa amemwapia uongo mtu anayekata roho, akamtaja na Mungu ndani yake. Usiku huo alisali, akaomba msamaha, akaona msamaha peke yake hautoshi. Uongo ule ulikuwa na dawa moja tu, nayo ni kuufanya uwe kweli. Akaikunja kanga ya zambarau akairudisha sandukuni. Haitatolewa sadaka, haitasomwa na mtu, mpaka Nasma aisome mwenyewe.

Asubuhi yake akaenda shule, amemshika mtoto mkono, akaingia ofisi ya walimu.

"Shikamoo, mama," alisema Mwalimu Wilfred, mwalimu wa taaluma, kijana nadhifu mwenye kalamu tatu mfukoni.

"Marahaba. Nimekuja kwa habari ya alama za Nasma."

"Mama yangu, themanini na moja ni nyingi. Nikiongeza hapo nitaulizwa."

"Nani kasema uongeze? Punguza."

Mwalimu mmoja aliyekuwa anakula muhogo akaacha kutafuna.

"Unataka apewe ngapi?"

"Anazostahili."

"Sabini na tano."

"Mwalimu, hapa si sokoni."

"Sabini. Na hapo nimefikiria msiba wako, mama."

"Mtoto hajui kusoma."

"Sitini na nane, lakini tafadhali usiseme kwa sauti."

Kisha akanyoosha kidole ukutani, ambako palibandikwa jedwali la rangi nne, limepigwa mistari kwa rula, kazi ya mtu mwenye subira. "Soma mwenyewe, mama. Wanafunzi wasiojua kusoma: hakuna. Sisi tatizo hilo tulishalimaliza."

"Naliona. Ukuta umefaulu, mashaallah. Mimi nimemleta mtoto." Akasogea karibu, akasoma mstari wa chini, maana kusoma ndiyo kazi yake. "'Darasa rekebishi la kusoma. Msimamizi: Mwalimu Yudith. Wanafunzi: sifuri.' Huyu Mwalimu Yudith anamrekebisha nani?"

"Madawati, mama," ikajibu sauti kutoka pembeni. Alikuwa Mwalimu Yudith mwenyewe, mwanamke mfupi, Msambaa wa Lushoto, mwenye boksi la viatu mapajani. "Huu mwaka wa pili. Yanaendelea vizuri."

Mwalimu Wilfred akaeleza, kwa upole wa mtu anayemweleza mgonjwa. Mtoto haingii darasa rekebishi mpaka aandikwe kuwa hajui kusoma. Akiandikwa, jedwali litaharibika. Likiharibika, watu wa kata watauliza imekuwaje, na shule ina watoto mia na kumi na nane katika darasa la tatu peke yake, na yeye, Wilfred, si malaika.

Hilo la mia na kumi na nane lilimwingia Bi Zuleha. Alimwonea huruma kwa muda wa pumzi moja.

"Mwalimu," akasema, "mimi napinda kanga za Ngamiani yote. Wateja hukaa barazani kwangu wananingojea, nusu saa, saa nzima, na mtu akikaa lazima azungumzishwe. Wakiniuliza shule inaendeleaje, niwaambie nini?"

Mwalimu Wilfred akafikiri. Mke wake mwenyewe alikuwa na doti mbili kule. Kwa hiyo Nasma akaingizwa darasa rekebishi siku hiyohiyo, akaandikwa "mwanafunzi mwenye kipaji anayehitaji kuendelezwa." Jedwali likapona.

Mwalimu Yudith hakusubiri. Alimkalisha Nasma kwenye dawati la mbele, akafungua boksi lake la viatu, likatoka rundo la vipande vya kadi alivyokata mwenyewe kwenye makatoni ya sabuni, kila kimoja na herufi au silabi. Akafungua kitabu cha darasa, Nasma akausoma ukurasa wote kwa madaha. Akafunika picha kwa kiganja, ukurasa ukafa. Akamwonyesha herufi moja moja bila mpangilio. Akamwekea saa ya simu, dakika moja, maneno mepesi kwenye karatasi isiyo na picha wala ua.

"Herufi anajua kumi na moja kati ya ishirini na nne," alisema mwisho, akiandika. "Silabi mbili: na, ma. Hizo za jina lake. Maneno kwa dakika: hakuna. Kichwa chake kizuri mno, mama, ndicho kilichomponza. Mtoto mzito angegunduliwa darasa la kwanza."

"Na mimi mwepesi sikugundua."

"Wewe uko na wenzako, mama. Ofisi nzima ile."

Wakaweka malengo, Mwalimu Yudith akiyaandika kwenye daftari, Bi Zuleha akiyasikiliza kama anavyosikiliza vipimo vya nguo. Mwezi wa kwanza, herufi zote na silabi za herufi mbili. Mwezi wa pili, silabi kama *cha* na *nga*, na maneno mafupi. Mwezi wa nne, maneno ishirini kwa dakika, na asome sentensi ambayo hajawahi kuisikia.

"Hiyo ya mwisho ndiyo ngumu kuipata," alisema Mwalimu Yudith. "Mtoto huyu kila kitu ameshakisikia."

"Ninayo moja sandukuni," alisema Bi Zuleha.

Mambo hayakwenda kama daftari. Wiki ya nne Nasma alizitaja kadi zote bila kosa, wakafurahi, Bi Zuleha akagawa kashata. Halafu Mwalimu Yudith akagundua kwamba *ba* ilikuwa na doa la chai, *ki* imekunjika pembe, na *lo* ina kipande cha picha ya sabuni nyuma. Mtoto alikuwa amehifadhi madoa. Kadi zikakatwa upya, na lengo la mwezi wa kwanza likahamia mwezi wa pili kwa heshima zote. Siku moja Nasma alilia kwamba wenzake wanamwita mtoto wa madawati. Wiki iliyofuata wenzake wanne walikuja kukaa naye, kila mmoja ameletwa na mama anayenong'ona. Mwezi wa tatu walikuwa ishirini na tatu, wote wenye vipaji vinavyohitaji kuendelezwa. Ritha alikuwa mmoja wao.

Jioni, baada ya Magharibi, Bi Zuleha alimpa kanga za wateja azisome zikiwa zimekunjwa. Wateja walilalamika kazi imechelewa. "Inasomwa," aliwajibu, "vumilieni. Mmekaa nayo miaka bila kuisoma."

Mwezi wa nne fomu ikaja tena. Safari hii Nasma aliifungua mwenyewe barazani, kidole kwenye mstari, na cherehani likasimama kumngoja.

"A-na-so-ma. Anasoma. Kwa. U-fa-sa-ha." Akainua uso. "Mama mkubwa, wamesema nasoma kwa ufasaha. Na wamenipa themanini na tatu."

"Juzi Mwalimu Yudith alikupima maneno mangapi kwa dakika?"

"Kumi na sita."

"Basi waambie wakungoje, wametangulia mno."

Akaingia ndani, akarudi na kanga ya zambarau. Aliikunja maua yakafichika, akaiweka mapajani mwa mtoto, akageuza uso kuelekea barabarani, ambako watu walipita na baiskeli zao bila habari.

"Si-na. Sina. Cha. Ku ... ku. Kuku?"

"Kuku anatafuta nini kwenye kanga?"

"Ngoja, Mama mkubwa, usinicheke. Ku-ku-a. Kukua. Chi. A. Ku-ku-a-chi-a." Kidole kikarudi nyuma. "Kukuachia. I-la. Ila. Du-a."

Akarudi mwanzo, akaisoma yote, polepole, kama mtu anayevuka maji kwa kukanyaga mawe. "Sina cha kukuachia ila dua."

Bi Zuleha akageuka kumtazama. Nasma akaendelea.

"Nilimwuliza mama imeandikwa nini, akakataa kuniambia. Akasema utanisomea wewe."

"Alijua kwamba hujui kusoma?"

"Alijua. Alinifunikia maua, kama wewe. Akasema akipata nafuu atanifundisha."

Bi Zuleha akakumbuka tabasamu lile la kitandani, lile aliloliweka moyoni kama hati. Kumbe mgonjwa alikuwa anamwonea huruma mzima, msomaji wa Ngamiani yote, anayeapa kwa Mungu juu ya jambo asilolijua. Akacheka, kicheko kikamgeuka njiani kikawa kilio, akakiacha kipite, akamwombea mdogo wake rehema.

Kisha akachukua mkasi, akaitandaza doti ya zambarau mezani, akamsimamisha Nasma ili apime urefu.

"Simama wima," akasema. "Na unisomee tena, nikate sawa."