Kumrudisha Mtoto Mahajanga

Kwetu, mama akishika mimba nyingine upesi, mtoto aliyeachishwa ziwa hupelekwa kwa dada wa mama. Ndivyo binti wa mdogo wangu alivyonifikia kisiwani Nosy Be, nami sina mume bado, nina ndoto tu. Nilimfunga mgongoni nikachuma naye maua ya langilangi, yale ya marashi, kwenye shamba la Mfaransa, tangu alfajiri mpaka jua lianze kuchoma. Akaniita mama. Nikaitika.

Alipoanza kukimbia na kujibu watu, salamu zikaja kutoka Mahajanga: mwenye mtoto anamtaka. Tukapanda meli. Njia nzima sikufumba jicho, nimemshika nguo asije akaanguka, na yeye kalala katikati ya magunia mawili kama sultani.

Kiswahili hiki ninachosimulia nilikipata chuoni, kwa maalim wa Kurani. Na mdogo wangu tulisemezana Kingazija cha wazazi, na tukikasirika, Kisakalava cha wenyeji. Siku hiyo, nilipofika kwake, tulianza moja kwa moja na Kisakalava.

"Wali umlainishie," nikamwambia. "Maji ya kuoga yasiwe baridi. Nywele msuke akisinzia, na usim—"

"Dada, huyu nilimzaa au nilimwokota sokoni?"

"Ulimzaa, lakini humjui."

"Basi niache nimjue! Umemng'ang'ania hivyo, nitamjuaje?"

Akamnyanyua, akaenda naye uani kumwogesha. Mtoto akapiga kelele: "Mama! Mama!" Nilijua anayeitwa ni mimi. Nikainuka nusu, mkono ukutani. Nilikuwa nimechoka, jamani. Si meli peke yake. Ni kule kulala miaka yote nikisikiliza pumzi ya mtu mwingine, nikidhani nikiacha kusikiliza itakatika.

Nikakaa tena. Kwenda kungekuwa rahisi zaidi.

Kilio kikaendelea, kikashuka, kikageuka ugomvi.

"Maji baridi!"

"Haya, bibi mkubwa, nayapasha. Unaamrisha kama mama yako mkubwa."

Nikacheka peke yangu huku machozi yananitoka. Nilitaka kupaza sauti kwamba nguo yake safi iko chini kabisa ya furushi. Lakini atalifungua mwenyewe, ataiona. Mabega yalishuka, nikajinyoosha mkekani mchana kweupe.

Mdogo wangu aliponiamsha, wali ulikuwa umepoa. Wao wawili walikuwa wameshakula.