Mjukuu Mwenye Baba wa Porini

Nichekeni tu, nimejitakia. Binti yangu Neema ni mtafiti wa mbegu Arusha. Juzi kaja likizo, nikamsikia kwenye simu: "Baba yake ni wa porini tu, lakini mtoto katoka mzima, hata joto la Dar halimsumbui. Nimemwacha kwa rafiki yangu Ilala. Mzee sijamwambia, nitamleta kesho."

Damu ilinichemka. Nilifunga duka langu la vitenge mapema, nikazunguka Kariakoo peke yangu. Hasira zikaisha, nikajikuta nanunua nepi, beseni na neti ndogo.

Kesho yake Neema aliingia na boksi lililofunikwa khanga.

"Mwanangu, sikukasirikii," nikamwahi. "Baba yake awe wa porini, awe wa wapi, huyu ni damu yangu. Nipe nimbebe."

Akafunua khanga. Ndani mlikuwa na kopo la udongo lenye majani mabichi.

"Baba, hii ni ngano! Tumeichavusha kwa nyasi pori za jamii yake ili ihimili joto."

Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaziona nepi, akaishika moja.

"Kwa hiyo angekuwa mtoto kweli, ungempokea?"

Nikaitikia kwa kichwa, nikamwonyesha na ile neti ndogo.