Nilikataa Mbuzi wa Mwende kwa Sababu ya Nitrojeni

Niliharibu ntheo ya mpwa wangu Mwende, siku ambayo mbuzi huletwa ili uchumba utambulike, na sina wa kumlaumu.

Nimetangatanga sana, kazi huku, kazi kule. Kutoka shuleni kitu kimoja tu hakikunitoka: nitrojeni ina mikono mitatu ya kushikana na atomu nyingine. Mwalimu wetu alituimbisha. Nikikumbuka darasa lile, moyo unalainika.

Mutua, mchumba, anafundisha kemia Tawa. Yeye na watu wake walikuja kwetu Kasikeu na keki iliyochorwa nitrojeni, mikono minne, na alama ya kujumlisha juu yake. Shangazi alidhani ni msalaba, akasema amina.

Mimi ndiye niliyekuwa msemaji. Nikasimama langoni. "Mbuzi hawaingii. Huyu hajui nitrojeni."

"Mjomba, tafadhali," Mwende akasema. "Si leo."

Mutua hakukasirika. Alishika nguzo ya lango, mahali mbuzi watatu wa ntheo walikuwa wamefungwa. Wa nne, wa kuchinjwa, alikuwa amesimama tu.

"Mzee, nguzo ni nitrojeni, kamba ni elektroni. Nguzo ina tano. Kila mbuzi hapa amekuja na yake moja, ikafungwa na moja ya nguzo. Nguzo imebaki na ngapi?"

"Mbili."

"Huyu wa nne hana kamba. Nguzo inamfunga kwa zile mbili. Sasa tugawe kila fundo nusu kwa nusu. Nguzo inahesabiwa nne, na ilikuwa na tano. Elektroni ni hasi. Ukipungukiwa moja, unakuwa chanya."

Nilielewa. Kosa langu liko hapo. Nilielewa kabisa, lakini wazee walikuwa wananitazama, nikasema, "Mbuzi si elektroni."

Baba yake Mutua akainua keki. "Twendeni. Hawa wanaoza binti ama wanasahihisha mtihani?"

Ntheo ilirudiwa baadaye, msemaji akiwa mdogo wangu. Mimi nilikuwa mjini Sultan Hamud, sikuambiwa. Mwende, niliyemfundisha kuhesabu kwa punje za mahindi, hapokei simu yangu.

Yule mbuzi wa nne alisahaulika siku ile. Hana kamba hata sasa, na ananifuata mpaka dukani.

Wewe unayejua jambo moja tangu kidato cha pili, usisimame nalo langoni. Na ukigundua umekosea, sema hapo hapo, kabla wageni hawajafungua mbuzi wao.