Kidonda cha Baba na Safari ya Iringa

Walisema sitaweza. Nawaandikia ninyi mlio nyumbani, na waliosema wanajijua, kwa hiyo sitapoteza wino kuwataja wote. Nitamtaja mmoja tu, jirani yangu Gwakisa, ambaye safari yake ndefu kuliko zote ni ile ya kutoka kitandani hadi penye pombe. Huyo alisimama nje ya kanisa akatangaza: "Anyosisye amfikishe baba yake Iringa? Diploma haibebi mzee, jamani. Atamrudisha amefungwa kwenye mkeka."

Nilicheka. Mtu aliyetoka kwetu kwa miguu, akafanya kazi katika machimbo ya shaba ya Rhodesia, mchana chini ya ardhi, jioni juu ya vitabu, akapata Diploma ya Utunzaji wa Hesabu kwa njia ya posta, hawezi kushindwa na barabara ya Iringa. Wapo waliorudi kutoka huko na gramafoni. Mimi nilirudi na akili.

Sababu ya safari ilikuwa muundi wa mguu wa baba. Yeye, Mzee Ambakisye, aliangukia mekoni alipokuwa mtoto, na kovu la moto likakaa kimya maisha yake yote, mpaka mwaka ule lilipopasuka katikati. Kidonda kikakataa kupona. Kingo zake ziliinuka, zikawa ngumu kama uyoga wa kwenye gogo. Kikiguswa kinatoa damu, na harufu yake ilianza kumtangulia baba mlangoni. Majirani walileta majani, samli, na unga mweusi wa betri kuukuu. Kila mmoja alikuwa na mjomba aliyepona kwa dawa hiyo. Wajomba wenyewe sikuonyeshwa.

Daktari wa Mbeya alikibonyeza kingo kwa kingo, wala hakufurahi. Alisema kovu la moto likifunguka uzeeni na kukataa kufunga, si kidonda cha kuzoeleka. Huenda ni kansa. Mpasuaji anayejua kukata na kuziba kwa ngozi yuko Iringa. "Mpeleke sasa," alisema, "wakati bado ni ngozi."

Iringa mgonjwa hupikiwa na ndugu yake, basi nikamchukua mke wangu, Tusekile. Hapo ndipo vicheko vilipoanza kwa kweli. Mila yetu mnaijua, lakini naiandika kwa ajili ya watoto wenu wanaojifunza shuleni na kusahau nyumbani: mke hamtazami baba mkwe wake, hasemi naye, hataji jina lake, na akimwona njiani huingia kichakani. Sasa, basi la Iringa lina mlango mmoja, na kichaka halina.

Uyole, alfajiri, niliipanga safari kama mtu aliyesoma. Baba nilimweka mbele, nyuma ya dereva. Tusekile nilimweka kiti cha mwisho, amejifunika kanga gubigubi. Katikati nikasimamisha mikungu ya ndizi juu ya viti viwili.

"Bwana," dereva aliniuliza, "hizi ndizi ni abiria?"

"Ni mila."

"Mila nayo inalipa nauli."

Nikalipa. Mtaalamu wa hesabu hagombani na dereva mbele ya baba yake.

Baada ya Chimala tukawa uwanda wa Usangu, vumbi na ng'ombe, ng'ombe na vumbi. Karibu na Igawa basi lilizama mchangani. Dereva akaamuru wote washuke, wanaume wasukume. Tusekile alishuka wa kwanza. Baba alipomwona yuko chini, akagoma kushuka. Tukalisukuma basi pamoja na baba yangu ndani yake, amekaa wima na fimbo yake mkononi. Mfanyabiashara mmoja wa mchele kutoka Rujewa, aliyekuwa akisukuma kando yangu, alihema akauliza, "Huyo mzee wako ni gavana?"

"Ni mgonjwa," nikamwambia.

"Mgonjwa ni mimi, mwenye mgongo huu."

Makambako tulipokewa na baridi, Sao Hill na ukungu, na jioni tukashuka Ipogolo, chini ya mlima wa mji wa Iringa. Mwenyeji wetu alikuwa Mzee Shomari, mfanyabiashara ambaye babu zake walitoka pwani, na ambaye tuliuziana mahindi bila kudhulumiana, jambo la nadra. Alimwamkia baba kwa heshima, kisha akaniangalia nikihangaika kumpitisha mke wangu mlango wa uani.

"Mwanangu, umekuja na mgonjwa au umekuja na magendo?"

Asubuhi yake tukapanda hospitali. Daktari, Mzungu mrefu mwenye Kiswahili cha kuamrisha, alipapasa kwanza kinena cha baba, akitafuta tezi zilizovimba. Hakuzipata. Kisha akakata kinyama kidogo kama punje ya mahindi pembeni mwa kidonda, akakitia kwenye chupa, kikapelekwa Dar es Salaam kutazamwa kwa hadubini. Tukangoja. Baba wodini, Tusekile kwenye banda la jiko nyuma ya hospitali pamoja na wanawake wa Kihehe, na mimi katikati, nikibeba chakula kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine.

Jibu lilipofika, daktari aliketi ukingoni mwa kitanda. "Mzee, ni kansa. Bado iko kwenye ngozi. Nitakata kidonda chote mpaka kwenye nyama nzuri, halafu nitachukua ngozi nyembamba ya paja lako, nizibe. Utalala kitandani bila kusimama mpaka ishike. Ukikataa, mwisho wa mwaka huu nitakata mguu. Au sitakata kitu, maana itakuwa imepanda."

"Sitaki," alisema baba. "Nirudisheni kwetu."

Nilimweleza. Nilimweleza vizuri sana, kwa utaratibu, nikianza na faida na kumalizia na hasara, kama walivyonifundisha kwa posta. Wagonjwa wa vitanda jirani walinyamaza kunisikiliza, mmoja alisinzia. Nilipomaliza, baba alisema, "Umesema vizuri, mwanangu. Sitaki." Akageukia ukutani. Daktari akatupa muda hadi kesho yake. Kitanda kilikuwa kinahitajika.

Mchana ule nilikuwa nimekaa kando ya baba, nikitafuta hoja nyingine, niliposikia sauti ya mke wangu nje ya dirisha. Alikuwa amesimama barazani, ameligeuzia dirisha mgongo, sufuria mkononi, akizungumza na Mama Chesko, mama wa Kihehe aliyekuwa akimuuguza mumewe. Lakini alizungumza kwa sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya mto.

"Eti Mama Chesko, mzee wa watu akikatwa paja, si atalala bila nguo?"

"Atalala hivyo hivyo, mwanangu. Shuka tu."

"Na hasimami. Sasa nani atamwosha? Nani atamshikia bakuli la haja? Mume wangu ana diploma, hata maji hajawahi kuchemsha. Ni mimi basi! Mimi mkwe! Mzee akubali vipi? Hata ningekuwa mimi ningekufa na mguu wangu."

"Hee! Kumbe ndiyo hofu yake? Na huyo mume hajaambiwa?"

"Atakuwa hajauliza."

Wodi nzima ilinigeukia, hata yule aliyesinzia. Baba hakunitazama. Aliuambia ukuta, taratibu: "Ukuta, mwambie huyo aliye nje kwamba amesema kweli."

Kisu hakikuwa kimemtisha hata kidogo. Nilisimama nikatoka, nikampata daktari. "Nani atamhudumia?" akauliza. Nikasema ni mimi. Alinitazama viatu, vilivyokuwa vinang'aa, akasema vema, nianze kwa kuvivua.

Siku hiyohiyo nilimpeleka Tusekile kwa Mzee Shomari, Ipogolo, mbali na hospitali. Nikarudi kwa baba nikamwambia, "Taata, yule hayupo tena hapa. Nipo mimi peke yangu."

"Chakula je?"

"Nitapika."

Nadhani alikuwa akipima kipi kibaya zaidi. "Basi waite wakate," alisema.

Wakakata. Na mimi nikawa mwanamume pekee katika banda la jiko la hospitali ile, na bila shaka mwenye diploma pekee. Tusekile alikuwa ameondoka na vyombo vyake, kwani nilimwambia kwa ushujaa kwamba nitanunua vipya. Maduka yalikuwa yamefungwa. Mama Chesko akaniazima sufuria. Mwingine akaniazima mwiko, mwingine chumvi, mwingine mzigo wa kuni. Ushauri walinigawia bure, wote kwa mkupuo.

"Baba, maji hayajachemka hayo, unatia unga wapi?"

"Muache. Anapika kwa Kizungu."

Ugali wa kwanza ulikuwa na madonge kama kokoto. Baba aliula wote bila neno. Wa tatu ulisimama, na nawaambia bila kujisifu kwamba wa wiki ya pili ulikuwa bora kuliko wa wanawake wawili ninaoweza kuwataja. Nilimwosha baba, nikamgeuza, nikamshikia bakuli la haja, nikalimwaga. Hakuna anayetunukiwa cheti kwa hayo, ndiyo maana nayaandika.

Siku ya kufungua bendeji nilishika mkono wa baba. Daktari aliinua kitambaa cha mwisho, akatazama, akagusa kwa kidole. Ngozi ya paja ilikuwa imeshika, rangi ya waridi, laini kama ya mtoto. "Imekubali," alisema. "Lakini arudi baada ya mavuno nimpime tena."

Tulirudi Uyole kwa basi lilelile, ndizi zikiwa zimekwisha, na mahali pake magunia ya Mzee Shomari. Gwakisa alikuwepo stendi. Alimwangalia baba akishuka kwa miguu yake mwenyewe, akasema safari siku hizi zimekuwa rahisi.

Nilichojifunza ni hiki: mgonjwa akisema hataki, usikimbilie kumweleza tena kwa sauti kubwa zaidi. Muulize anachoogopa, kisha ukae kimya ajibu. Mengine yote nilikuwa nayajua tayari.

Baada ya mavuno tukarudi, baba na mimi. Daktari alipapasa tena kinena, akakagua kovu, akasema hakuna kitu. Ndipo tukaenda bandani kulipa. Mama Chesko alikuwa bado yupo, mumewe akikaribia kutoka. Nilikuwa nimebeba mchele nilioununua Igawa, nikaugawa: wa mwiko, wa chumvi, wa kuni. Mama Chesko nilimwongezea sufuria mpya, maana ile yake niliiunguza kitako.

Aliigonga kwa kucha, akasikiliza mlio wake, akaridhika. Kisha akamtazama baba, mgeni machoni pake, aliyesimama mlangoni na fimbo kwapani. "Na yule mzee wa mguu, alikuja kuwaje?"

Baba akaingia bandani, akasimama penye majivu, akapandisha shuka hadi magotini, jambo ambalo sikuwa nimepata kumwona akilifanya mbele ya mwanamke yeyote.

"Hesabu miguu, mama."

Mama Chesko akainama akatazama. "Mmoja," alisema. "Miwili."

"Basi hatudaiwi," alisema baba, akashusha shuka.